Marehemu Amekataa Kuhama

Kwa miaka thelathini na minane Yuklin aliutukana mji wa Mexicali, huko Mexico, kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Aliutukana kwa Kikantoni akiwa jikoni, akautukana kwa Kihispania akiwa dirishani, na majirani walizoea hata wakawa wanajua saa kwa matusi yake. Mji gani huu, maji ya bomba yanatoka yameshachemka! Mji gani, ukisahau kijiko juani kinakubabua kiganja! Shetani mwenyewe, alisema, aliwahi kuja kupanga chumba hapa, akavumilia Juni, Julai ilipoingia akafunga virago akarudi kwao kupunga upepo.

Agosti ya mwaka uliopita joto lilimwangusha sebuleni, akalala sakafuni kutwa nzima hadi jirani alipochungulia dirishani na kuvunja mlango. Binti yake, Nereida, alipiga simu kutoka Toluca, kule juu milimani ambako watu wanavaa sweta mwaka mzima. "Mama, yameisha," alisema. "Mwezi wa saba nakuja kukuchukua. Chumba chako kipo tayari." Yuklin alishukuru, akacheka, akasema kumbe mbinguni nako kuna masikio. Alipoweka simu chini alikwenda kupika wali, akauacha ukaungua huku anautazama mtaa dirishani. Hakujielewa. Mtu anafunguliwa mlango wa jela, halafu anang'ang'ania nondo?

Jambo moja tu lilikuwa wazi kwake. Mumewe, Wingtat, asingeachwa nyuma. Kwao kusini mwa China mtu akishalala ardhini miaka saba, mifupa yake hutolewa, husafishwa, hupangwa mtungini, miguu chini na kichwa juu, akae humo kama mtu aliyechuchumaa, kisha hupelekwa waliko watoto wake. Asipofanyiwa hivyo, nani atamfagilia kaburi kila mwezi wa nne? Nani atamwekea chakula? Atakufa mara ya pili, safari hii kwa njaa. Wingtat alikuwa amelala miaka tisa. Yuklin alikata kibali manispaa, na kwa kuwa mitungi ya kazi hiyo haiuzwi Mexicali, alichukua mtungi mkubwa wa udongo aliokuwa akichachushia kabichi enzi za mgahawa wao, akausugua kwa siki siku tatu. Harufu ya kabichi ikakataa kutoka.

"Ataizoea," alisema. "Mimi nimezoea mangapi?"

Hayo ndiyo aliyoyasema kwa mdomo. Moyoni alikuwa na lake, na hakumwambia mtu. Maiti haichukuliwi hivihivi kama gunia la viazi, huulizwa kwanza. Wingtat akikubali, watakwenda wote. Akikataa, basi ni mke gani mwenye adabu anayemkimbia mumewe kaburini? Hata Nereida angelazimika kunyamaza. Yuklin angebaki na jua lake, na matusi yake, na hakuna ambaye angejua kwamba alitaka kubaki.

*

Walifika makaburini saa kumi na mbili asubuhi, gari likiwa limesheheni masanduku na magodoro, maana walikuwa wapitilize kutoka hapo. Funguo za nyumba walikabidhiwa wakazi wapya jana yake. Ardhi ilikuwa haijapoa tangu jana. Joto lilipanda kwenye soli za viatu. Don Cuco, mchimba kaburi, alikuwa amekaa juu ya kaburi la mtu asiyemjua, taulo bichi shingoni, anamalizia burito lake la maharage.

"Doña Yuli, tuwahi," alisema. "Ikigonga saa tatu simgusi mtu, hata awe babu yangu mzaa mama."

"Babu yako angekukimbia kwa uvivu. Kaa hapo, bado sijamuuliza."

"Unamuuliza nani?"

"Mwenye nyumba."

Yuklin alipanga wali, kuku, na kisahani cha pilipili za manjano zilizokaangwa na kumwagiwa soya na ndimu, maana Wingtat bila pilipili hizo alikuwa hali. Akawasha ubani. Nereida alisimama pembeni na mwavuli mweusi mkubwa, wa kuifunika mifupa isionwe na jua. Alikuwa amevaa viatu vya ofisini, vumbi limeshampanda mpaka magotini.

Kisha Yuklin alitoa mfukoni vipande viwili vya mti vilivyochongwa kama figo, kila kimoja kina uso bapa na mgongo wa mviringo. Ukivirusha kikaanguka kimoja uso na kimoja mgongo, marehemu amesema ndiyo. Vikilala vyote migongo juu, amesema hapana. Na vikitazama juu nyuso zote mbili, basi anacheka. Huulizwa mara tatu.

"Baba Nereida," alianza, "mwanao ana chumba Toluca. Leo naondoka. Mtungi wako huu hapa, mkubwa, wa nyumbani. Twende?"

Alirusha. Migongo juu, yote miwili.

Yuklin aliinamisha uso ili binti yake asiuone. Aliviokota, akarusha tena. Migongo. Mara ya tatu kipande kimoja kiliruka, kikagonga kisahani cha pilipili, kikarudi kulala kifudifudi kando ya mwenzake. Hapana, hapana, na hapana. Yuklin alihisi kifua kinafunguka kama mtu aliyevua nguo za kubana. Asante mzee, alisema kimoyomoyo. Umenitendea wema mmoja kabla sijafa.

"Basi, mama," Nereida alisema, akiukunja mwavuli. "Amekataa. Tumwache apumzike, tuondoke kabla jua halijawa kali."

"Tuondoke kwenda wapi?"

"Toluca, mama. Kwani tulikuwa tunakwenda wapi?"

"Subiri. Kuna swali jingine."

Alipiga magoti, magoti yakalia. Alisogea karibu na jiwe la kaburi, akaongea kwa sauti ya chini ambayo hata Don Cuco, aliyekuwa ametega masikio mpaka akaacha kutafuna, hakuidaka vizuri. "Basi nibaki nawe?" alimuuliza mumewe. "Sema nibaki, nibaki."

Akarusha. Vipande vilijigeuza hewani, vikaanguka, vikatulia. Nyuso juu, zote mbili.

"Hiyo nayo ni nini?" Don Cuco aliuliza.

Nereida alivitazama. "Anacheka."

Anacheka. Hata akiwa ardhini! Yuklin alikijua kicheko hicho kuliko alivyokijua kitanda chake. Wingtat alikwenda kijijini kwa kina Yuklin kumposa na picha moja ya mitende, akasema anaishi karibu na California. Baba akakubali, mama akashona nguo, mashangazi wakala kuku, na katika watu wote hao hakutokea hata mmoja aliyemgeukia bibi harusi na kumuuliza, wewe binti unataka? Majira yake ya kwanza ya joto hapa, mume alimteremsha kwenye chumba cha chini ya ardhi, chini ya jiko la mgahawa, ambamo Wachina wa zamani walikuwa wakijificha jua. Akakaa humo kama fuko, mimba tumboni. Alipomuuliza, "Kwa nini hukuniambia ni jangwa?" Wingtat alicheka. Alipouliza, "Tutarudi lini?" akacheka. Hakuwa mtu mbaya. Hakumpiga, hakumnyima. Alicheka tu, akarudi kwenye karai lake la moto, na swali likabaki limesimama pale kama mgeni asiyekaribishwa kiti.

"Chimba," Yuklin alisema.

Don Cuco alimtazama Nereida, akamtazama Yuklin. "Doña, si mwenyewe amekataa? Mara tatu! Nimeona kwa macho yangu haya."

"Wewe Mkatoliki. Haya ya kwetu yanakuhusu nini?"

"Ukatoliki wangu ndio unaoniambia nisigombane na maiti."

"Mama, tafadhali," Nereida alisema. "Huwezi kumchukua mtu kwa nguvu."

"Haiwezekani?" Yuklin alisimama. "Haiwezekani, enh? Mimi nilichukuliwaje? Mimi niliulizwa na nani? Nilirushiwa vijiti mimi? Leo zamu yangu! Ataona mtu anavyopelekwa asikotaka!" Akalinyakua koleo la Don Cuco, akalikita kwenye ardhi ngumu, likadunda. Akalikita tena. Mwanamke wa miaka sitini na miwili, kofia imemwangukia kisogoni, anaipiga ardhi kama anaua nyoka. Don Cuco alivumilia mapigo kumi hivi. Kisha akajifanyia ishara ya msalaba, akamnyang'anya koleo taratibu.

"Nipe, nipe. Utajiua hapa, halafu nichimbe mawili."

Alichimba saa moja na nusu. Nereida alikunjua mwavuli tena. Jeneza lilikuwa limekwisha kuoza, na katika mchanga ule mkavu mifupa ilikuwa misafi, ya rangi ya chai ya maziwa. Yuklin alishuka mwenyewe shimoni. Kila mfupa aliufuta kwa kitambaa chenye siki, akaupitisha chini ya kivuli cha mwavuli hadi mtungini, na kila mmoja aliusindikiza na maneno yake. Mifupa ya nyayo: "Hii ilikuwa haivui viatu mlangoni." Goti: "Hili lilimpigia magoti mungu wa jiko, mimi kamwe." Mbavu: "Hapa ndipo kicheko kilipokuwa kinakaa." Mwanzoni alisema kwa hasira. Alipofika kwenye mikono sauti ilikuwa imemlegea. Alikishika kidole kimoja kirefu zaidi ya vingine, akakipangusa, akakipangusa tena.

Mwisho kikabaki kichwa. Alikiinua kwa mikono miwili, akakiweka kwenye mdomo wa mtungi.

Hakikuingia.

Akakigeuza upande. Hakikuingia. Akakielekeza kisogo mbele, akasukuma kidogo, akaogopa, akaacha. Mtungi wa kabichi huwa na mdomo mwembamba ili hewa isipite. Mkono wa mwanamke unaingia, kabichi iliyokatwa inaingia. Siku tatu ameusugua mtungi ule. Miaka thelathini na kitu ameutumia. Hakuna siku aliyoupima mdomo wake.

Jua lilikuwa limeshapanda juu ya ukuta wa makaburi, na jasho la Nereida lilikuwa likidondoka kutoka kidevuni hadi kwenye mpini wa mwavuli.

"Doña," Don Cuco alisema polepole, "alikataa kwa vijiti. Sasa anakataa kwa kichwa."

Yuklin alianza kucheka. Alicheka amekaa kwenye udongo, fuvu la mumewe amelipakata mapajani, akacheka mpaka kicheko kikawa kilio, na kilio kile hakikuwa cha mjane. Kilikuwa kilio cha mtu aliyeonewa. Maiti haina ulimi, haina pumzi, haina hata nyama, na bado ikisema hapana inasikilizwa. Yeye mwenye ulimi mrefu kuliko wanawake wote wa mtaa wake, ameutumia miaka thelathini na minane kulitukana jua, kwa sababu jua lilikuwa halimjibu. Hapana yenyewe hakuwahi kuisema. Si kwa baba yake, si kwa huyu, si kwa mwanawe kwenye simu.

"Mrudishe," alimwambia Don Cuco. "Mrudishe alale. Ameshinda."

Wakamrudisha. Yuklin alimpanga upya mchangani, mfupa kwa mfupa, safari hii bila neno. Mtungi wakamwachia Don Cuco, akasema mkewe atapandia maua. Pilipili hazikuachwa kaburini. Don Cuco alizitazama kwa jicho ambalo Yuklin alilielewa, akamsogezea kisahani.

Garini Nereida hakuwasha injini. Alikaa ameshika usukani kwa mikono miwili, viatu vyake vya ofisini havitamaniki. Alikuwa ameyasikia yote: lile swali la chini kwa chini pale jiweni, maana alisimama hatua moja nyuma ya mama yake, na yale maneno yaliyopigwa kelele juu ya koleo.

"Mama," alisema. "Wewe unataka kuondoka?"

Yuklin alimgeukia. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili, na hilo swali lilikuwa linamfikia kwa mara ya kwanza. Alifungua mdomo kusema hapana. Akamwona binti yake, mweupe kwa vumbi, aliyesafiri siku tatu kuja kumwokoa. Akawaza sakafu ya sebule aliyolalia kutwa nzima, ulimi umekauka, akimwita mtu aliyekwisha kufa. Akawaza Toluca na sweta zake, mji ambao hatakuwa na ujuzi hata wa kuutukana. Akataka kusema ndiyo. Ndiyo nayo haikutoka.

"Ungeniuliza mwezi wa tano," alisema mwishowe, "kabla sijagawa jiko langu."

"Tunaweza kurudi. Mama, nasema kweli. Sema tu, nageuza gari."

"Nirudi wapi? Nyumba ina watu."

"Basi tutafute nyingine. Niambie unachotaka."

Yuklin alitazama mikono yake, kucha zimejaa mchanga. Alijaribu kwa dhati, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mwanafunzi mwenzake wa utotoni, kujua anataka nini. Alitafuta kila mahali. Aliona anachokichukia, na kilikuwa kingi. Aliona aliyoyazoea, nayo yalikuwa mengi. Pale ambapo kutaka kunakaa hapakuwa na kitu, maana hapajawahi kutumika.

"Washa gari," alimwambia binti yake. "Jua limekuwa kali."