Kusini, Kaskazini mwa Korona

Sina meno ya nyuma. Sina mke, kwani Mwanaiba ametangulia. Sina redio inayokamata stesheni moja bila kuichanganya na ya pili. Sina shamba lenye mpaka, sina mjukuu wa kunitania, sina kioo cha kushoto katika miwani yangu. Na katika kambi hii nzima sina mtu anayelijua jina langu. Wananiita Mzee Kusini. Tulitoka Kusini vijana wengi kuja Tanga kukata mkonge, tukapewa nyumba za upande mmoja, pakaitwa Kambi ya Kusini, ingawa ukisimama kwenye korona, kiwanda cha kuchakata mkonge, kambi yetu iko kaskazini kabisa. Mtu anayesema naenda Kusini anaelekea kaskazini, na hakuna anayeshangaa. Wenzangu wamekufa, wengine wamehama, nami nimebaki na jina la kambi kama mtu aliyerithishwa kofia isiyomwenea. Jina langu ni Ausi Chingumbe. Naliandika mwenyewe, kwa mwandiko wa kuunganisha, maana nimesoma ngumbaro, kisomo cha watu wazima, jioni baada ya kazi, mikono ikinuka maji ya mkonge. Na tangu hapo hakuna karatasi iliyofungiwa sukari ambayo imenipita bila kusomwa.

Leo mchana Mama Kihiyo, jirani yangu, ameniletea simu yake akiifuta kwa kanga. Mzee Kusini, watu wa kwenu hao. Ni Sijaona, mtoto wa dada yangu Somoe, anapiga kutoka Namichelo, kijijini kwetu. Shikamoo mjomba. Marahaba. Mjomba, watoto wanaingia jando mwezi huu, mama anasema uje. Nafahamu maana yake. Kwetu mjomba ndiye mwenye nyumba ya dada yake. Kabla watoto hawajaingia jandoni, yeye humwaga unga wa mtama chini ya mti wa msolo, ukasimama kama kichuguu. Ukilala umesimama mpaka asubuhi, waliotangulia wamekubali. Miaka yote niliyokuwa huku Tanga amemwaga binamu yetu badala yangu, sasa naye hayupo. Sijaona anasema, na wazee wamekaa, mjomba, wamesema usipokuja safari hii, jina lako atapewa mwanangu akitoka jandoni. Namwuliza, kwani nimekufa? Anasema, mjomba nawe, nani kakwambia umekufa? Lakini kwetu jina la mjomba hapewi mtoto mpaka mwenyewe yuko chini ya udongo, au amehesabiwa kuwa huko. Nyuma yake mtu anacheka. Cheko lile silipendi. Nasema, nipe mama yako. Anasema, amelala. Somoe, aliyekuwa akiwaamsha majogoo, alale saa sita mchana? Nasema nitafikiri, na simu inakatika, au inakatwa.

Nakula ugali nusu, nusu nauacha sufuriani. Najilaza kwenye kitanda cha kamba, mlango wazi kwa ajili ya hewa, nikiwaza ni nani huko anayelitaka jina langu na kwa nini analitaka likiwa bado na joto. Nakitazama kizingiti. Kizingiti kinasogea karibu na kitanda, polepole, kama mbwa asiye na hakika ya kukaribishwa, nami nakivuka bila kuinuka, na nje si nje ya kambi tena.

Nje ni mistari ya mkonge, imenyooka mpaka macho yanachoka, na kila njia kati ya mistari inafanana na jirani yake, na kila ninapofika mwisho wa moja nakuta mwanzo wake. Mwalimu Hiza wa ngumbaro alitufundisha: simama ulitazame jua linapochomoza, mkono wako wa kuume ndio kusini, wa kushoto kaskazini, huwezi kupotea. Nasimama, natafuta jua, jua halipo. Mwanga unatoka pande zote kama maji kwenye chungu kilichotoboka, na mikono yangu miwili inaning'inia, haina habari. Ndipo namwona mtu amesimama njiani. Kichwani ana singa, nyuzi za mkonge zilizokaushwa, nyeupe, zimemwangukia mabegani. Na mbele, mahali pa uso, hapana kitu, pamelainika kama udongo wa mfinyanzi kabla kidole hakijaugusa. Anasema, shikamoo mjomba. Siitikii. Nasema, nani kakwambia mimi ni mjomba wako? Anasema, nani kakwambia siyo? Nasema, mimi nimesoma, kijana, au sijui mzee, sijui wewe ni nani, maneno ya kuzungushana siyataki, nionyeshe njia ya Kusini. Anasema, njia ipo, lakini haitembeki kwa miguu. Kitendawili.

Najua ni mtego. Hata hivyo mtu aliyelelewa vizuri akisikia neno hilo mdomo wake hujibu wenyewe. Tega, nasema. Anatega: nyumba yangu naijua, mlango wake unahama. Nasema kobe. Sio. Nasema konokono. Sio. Nasema hema la Mmang'ati anayehamahama na ng'ombe. Anacheka bila mdomo, anasema, mjomba, hema! Nipe mji. Nafikiri haraka, natafuta mji ambao hautaniuma, nampa Korogwe. Anasema, nimekwenda Korogwe, nimekaribishwa chai na maandazi, nimewauliza, Mzee Kusini mnamjua? Wakasema, yule wa kambini? Na akisema hivyo mji unainuka pande zote mbili za njia, mji na kivuli chake, maduka yakitazamana na maduka yale yale, vibao vimeandikwa kinyumenyume, na mimi navisoma vyote, kinyume vilevile, nisimpe nafasi ya kunidharau. Nasema, mchezo una kanuni, ukipewa mji unatoa jibu. Anasema, jibu liko mbele. Hapo nazidi kumshuku. Mtu anayekuahidi jibu mbele anataka uendelee kutembea.

Anatega kile kile, nashindwa kile kile. Nampa Dar es Salaam, inainuka, na barabarani namwuliza mwanamke anayekaanga mihogo, mama, Kusini wapi? Ananyoosha mwiko, ukivuka Rufiji, baba, huko ndiko Kusini, na pale mwiko unapoelekea tumeshafika. Nampa Lindi. Lindi namkuta muuza korosho, namwuliza, anajichekea. Kusini? Kusini huko Mtwara, mzee, sisi hapa watu wa mjini. Nampa Mtwara, nikisema moyoni hapa sasa yamekwisha, hapa ndipo. Mtwara kinyozi ananiambia bila kuondoa macho kichwani mwa mteja, Kusini ni ng'ambo ya Ruvuma, babu, wewe umetoka wapi hata hujui? Babu! Mimi niliyezaliwa nusu siku kutoka hapo naulizwa nimetoka wapi. Tunavuka Ruvuma, maji hayalowanishi, na ng'ambo mtu mmoja anaosha baiskeli. Namwamkia, namwuliza. Anainua kichwa, anashangaa kweli. Kusini gani, mzee? Hapa ni Kaskazini. Sisi ndio watu wa Kaskazini, hata huko makao makuu ya nchi yetu wanatuita hivyo wakitaka kututukana. Nasema, haiwezekani, nimekuja mkono wa kuume moja kwa moja. Anasema, basi umekuja mno, na anaendelea kuosha baiskeli yake.

Nageuka. Yule asiye na uso yuko karibu kuliko nilivyomwacha. Anasema, miji imekwisha, umebakiwa na mmoja. Sasa mkono wake naujua, nauona wote: amenizungusha, amenichukulia mji baada ya mji, nikampa kwa mkono mkunjufu kama mlevi anayegawa nguo zake, ili tufike hapa. Nipe Namichelo, anasema. Sikupi. Mjomba, umeshindwa kitendawili. Nimeshindwa, na sikupi. Anasema, basi tazama ulipo. Natazama. Ni korona, na mbele yake waya za kuanikia, na singa imeanikwa, na nyuma zile nyumba zetu, safu moja, mlango wangu wa tatu. Ni kambini. Lakini kati ya nyumba yangu na ya Mama Kihiyo umesimama msolo wa Namichelo, ule ule, wenye kovu la panga, na chini yake Somoe ameketi amenipa mgongo, ana ungo wa unga mapajani. Na huo mgongo siuamini. Nimeshaonyeshwa miji minne ya uongo leo. Nasimama mbali, nasema, kama wewe ni Somoe, niambie mama alituimbia nini tulipokataa kwenda kisimani. Mgongo unatikisika. Anacheka. Ni cheko lile lile la kwenye simu, lile nililolichukia mchana kutwa, na sasa nalisikia kwa karibu, ni lake, lina mkwaruzo ule ule aliozaliwa nao. Anasema, unanipima, Ausi? Umezeeka hivyo na bado mtu wa kushuku? Njoo, upepo unaamka.

Ausi. Jina langu lenyewe. Tangu Mwanaiba azikwe sijalisikia nje ya kichwa changu. Nasema, mbona Sijaona amesema umelala? Anasema, nililala ili uje uniamshe. Hilo nalo halina maana, lakini nakwenda. Na huyu aliyenifuata naye anakwenda, anachuchumaa pembeni ya mti kama wanavyochuchumaa watoto wanaongoja kuingia jandoni. Namwambia, wewe ni mwizi. Anasema, mjomba, nimekuomba miji minne ukanipa yote bila hata kuuliza ni ya nini. Jina ndilo unalonikazia mkono? Namwuliza, na uso wako uko wapi? Anasema, naungoja. Jina hutangulia, uso hufuata nyuma yake. Wakinipa la maiti nitapata uso wa maiti. Sauti yake sasa ni nyembamba, si ya kuzungusha watu. Namtazama mahali pale palipolainika, na kwa mara ya kwanza nina aibu ya kupatazama. Nasema, basi nipe jibu la kitendawili. Nyumba naijua, mlango wake unahama. Anasema, ni kwenu, mjomba.

Natia mkono wa kuume katika ungo. Nasema, Somoe, nielekee wapi? Jua halipo. Anasema, elekea huu unga. Namwaga. Unateremka baridi, mwepesi, kati ya vidole, kichuguu kinaanza kusimama chini ya msolo, nataja majina ya waliotangulia mmoja mmoja, nikifika mwisho nangoja kuona kama nitalisikia la kwangu katika hesabu, na upepo ule unafika, singa zote zinainuka kwenye waya, weupe unajaa machoni, na siuoni tena unga kama umesimama au umeanguka, nainama niuone, nainama zaidi.

Mzee Kusini! Mzee Kusini, umelala mlango wazi, kuku wamekula unga wako wote! Mama Kihiyo yuko kizingitini na fagio. Naamka, au nainuka. Mfuko wa unga umepasuliwa, unga umetawanywa sakafuni, nyayo za kuku kila mahali. Lakini katikati ya chumba kuna kichuguu kimoja kimesimama, kimechongoka, hakuna mdomo wa kuku uliokigusa. Namwambia, usifagie hapo. Anasema, mna nini nyie watu? Namwuliza, mama, hapa ni wapi? Ananitazama kama mtu anayetazama maziwa ya jana. Kusini, anasema. Kwani wewe unadhani wapi? Naangalia nje, kati ya nyumba yangu na yake. Mti haupo. Ila ardhi pale ina kivuli, na juu ya kivuli hakuna kitu.

Simu sipigi. Kwenye simu mtu anaweza kucheka nyuma usijue ni nani. Natoa kalamu, navaa miwani, naandika kwa mwandiko wa kuunganisha. Dada yangu Somoe, salamu. Waambie wazee mimi ni hai. Jina langu asipewe mtu kwa mkono wa mwingine. Unga nitamwaga mwenyewe, na mtoto wa Sijaona kama analitaka jina, nitampa mwenyewe, nikiwa na pumzi, nikimtazama usoni. Naifuata barua hii. Ikisomwa, mtu asicheke ila wewe. Ausi Chingumbe. Gundi sina. Nafinya ugali uliobaki sufuriani, naupaka ukingoni mwa bahasha, nabana kwa kidole gumba mpaka unashika, na unga ule unakauka kwenye ngozi yangu nami siufuti.

Njia panda, pale mabasi ya masafa yanapochukua vifurushi, kondakta anapokea barua mkono mmoja, mwingine unashika daftari. Inakwenda wapi, mzee? Naanza kusema Kusini, najizuia. Namichelo, nasema, mkononi mwa Somoe Chingumbe, akishindwa kuisoma asomewe mbele ya wazee. Mtumaji nani? Nyuma yangu kijana mmoja wa kambini anajibu haraka, huyo Mzee Kusini, andika tu. Nasema, usiandike hivyo. Andika Ausi Chingumbe. Nalitamka taratibu, herufi kwa herufi, nikiitazama kalamu yake isikosee. Haya, anasema, Mzee Ausi, imefika hiyo. Basi linanguruma, barua inapita dirishani. Macho yangu nayaacha pale pale kwenye kalamu, kisha kwenye gurudumu, kisha kwenye vumbi. Sauti yake nimeisikia, jina langu amelitaja vizuri, usoni simtazami, nisije nikakuta pamelainika.