Gunia Mbele ya Kioo

Nakutegea, na usijibu kwa pupa: hana mikono, lakini hukushika mkono akaupeleka anakotaka yeye. Ni nani? Kaa nalo hilo, twende saluni.

Palikuwa na msusi, wenzake wakamwita Kidole kwa wepesi wa vidole vyake. Saluni aliyotoka, vipande vya nywele bandia havikuchomwa. Vilitiwa guniani, fundi makochi akaja kuvichukua kujazia mito. Aliyethubutu kuwasha kiberiti alizomewa mpaka akajuta, na Kidole ndiye wa kwanza kuzomea. Nyumbani alijisifu: "Mimi, mama, moshi siupendi tangu tumboni mwako."

Saluni ile ikafungwa, akapata kiti kwingine. Huku kila jioni vipande vilimwagwa pipani, nyuma ya ukuta, vikachomwa. Moshi mweusi, mzito, ukapanda hadi kwenye kamba za nguo za jirani. Siku ya kwanza Kidole alifutika vyake mkobani. Mteja akamwona kiooni.

"We dada! Nywele zangu unampelekea nani?"

"Ni za bandia, shoga, za kujazia mito..."

"Mito? Watu walalie nywele za kichwani mwangu?" Mteja akasimama, kichwa nusu kimesukwa, nusu kama kapigwa radi.

Saluni ikaangua kicheko. "Mganga wetu kafika!" akasema Domo, msusi wa kiti cha pili. "Sasa turogee kodi ishuke!"

Mwenye saluni hakucheka. "Bibie, wateja wakinikimbia kwa ajili yako, na wewe utawafuata."

Kesho yake Kidole akamwaga pipani kama wenzake. Lakini hakutulia. Akisuka, njia zinapinda, akikaa, anasimama. Mama yake, akifua, akainusa blauzi yake.

"Mwanangu, kule ulikotoka ulikuwa unakusanya kwa kutaka mwenyewe, au ni macho ya wenzako yaliyokushika mkono?"

Kidole akanyanyua sahani, akaenda kuiosha. Ilikuwa safi.

Ikafika zamu yake ya kuwasha. Kiberiti mkononi, akamwona jirani ng'ambo ya ukuta akianua nguo mbiombio, bila neno, kama anayekimbia mvua. Hakuna aliyemzoea jirani yule wala kumsikia akilalamika.

"Kiberiti kimelowa," Kidole akawaambia wenzake. Kilikuwa kikavu kama ulimi wake.

Asubuhi akaja na gunia, akalitundika mbele ya kioo, mdomo wazi.

"Humu ni za bandia tu, na kila mtu anaona."

"Bosi, mganga kaanza tena!" Domo akapiga kofi.

Mwenye saluni akamgeukia mteja aliyekuwa kitini. Mteja akabetua midomo. "Mradi si zangu za kuzaliwa, yanihusu nini?"

"Haya. Akilalamika hata mmoja, gunia na wewe, nje."

Kutwa Kidole alisuka jicho likiwa mlangoni. Kila mteja aliyeingia alimshtua. Jioni, Domo, katikati ya umbea wake, akafagia vipande vyake akavitupa guniani.

"Usifurahi," akasema. "Pipa liko mbali, na miguu inaniuma."

Kidole alifika nyumbani, hata viatu hakuvua.

"Mama, kule yalikuwa macho yao. Leo macho yamenitazama vilevile, mkono ukakataa kuyafuata. Lakini bado unatetemeka. Shika uone."