Mabingobingo ya Mama Loth

Mimi mdomo ninao, kijiji kizima cha Mwazye kinalijua hilo. Nimegombana na mawifi, nimegombana na bwana shamba, hata katekista hakupona siku alipochelewesha ibada. Lakini siku moja niliyotakiwa kusema, nilinyamaza. Hiyo ndiyo ninayoijutia mpaka leo.

Ulikuwa mwaka ule ruzuku ya mbolea ilipoondolewa. Walisema sasa ni soko huria, kila mtu ajitegemee. Haya, tukajitegemea. Mbolea ikabaki kwenye maduka ya Sumbawanga tukiitazama tu, na kila mtu akashuka kulima bondeni kwenye unyevu, mpaka majembe yakagusa maji. Mvua zilipokuja zikamega kingo, kijito chetu kikawa na rangi ya chai ya maziwa, na mashamba ya watu wa chini yakafunikwa mchanga.

Ndipo tukaunda kamati ya kijito, mwenyekiti Mzee Kasimiri, wajumbe Wafipa na Wasukuma, maana Wasukuma nao walishafika na ng'ombe wao. Tukakubaliana mtu asilime hatua thelathini kutoka majini. Kingo zipandwe mabingobingo, yale majani marefu yanayoshika udongo, kila kaya na kipande chake. Ng'ombe wanywe kwenye kivuko kimoja tu. Kija, Msukuma mwenye kundi kubwa kuliko wote, alijenga uzio wa miiba pale kivukoni kwa mikono yake mwenyewe.

Kipande cha mkewe, Kabula, kilipakana na changu. Tulipanda pamoja, mimi nikimcheka anavyoshika jembe, yeye akinijibu, "Mama Loth, wewe unalima kama unayegombana na ardhi." Loth wangu alipougua surua, maziwa yalitoka kwa Kabula kila asubuhi, na wala sikuwa nimemwomba.

Sasa nisikilizeni. Sisi Wafipa tunalima ntumba. Mvua zikikaribia kuisha tunafyeka majani, tunayarundika, tunayafunika kwa udongo yawe kilima kidogo cha mviringo, yaozee humo yawe mbolea. Mama alinifundisha, naye alifundishwa na bibi. Mwanamke wa Kifipa akiona majani marefu mikono inamwasha. Na mwaka ule shamba langu lilikuwa limechoka, majani yameota machache kama nywele za mgonjwa. Mbolea ya dukani sina. Kule kijitoni mabingobingo yamenipita kichwa, mabichi, manono. Jamani!

Jumapili moja ya mwezi wa tatu kulikuwa na kipaimara parokiani. Watu wote wakaenda. Mimi nikasema kichwa kinaniuma, nikashuka na mundu na jembe. Nilijiambia nitakata kidogo tu. Nikamaliza kipande changu, nikaingia cha Kabula. Penye udongo laini nikang'oa na mashina. Watu waliporudi jioni na vigelegele vyao, yote yalikuwa yameshafukiwa kwenye ntumba zangu.

Jumanne mvua ikapiga. Ukingo ukameguka palepale nilipokata, maji yakabeba maharage yote ya Dominika, mjane asiye na shamba lingine.

Kikao kikaitwa. Majani yanayoliwa na ng'ombe yametoweka, na ng'ombe ni wa nani? Kija akasimama akasema, "Ng'ombe wangu hawajavuka uzio. Twendeni mkaone kwato zimeishia wapi." Hakuna aliyeinuka. Kabula akanitazama mimi, jirani yake. Alitaka niseme neno moja tu, kwamba uzio ni mzima. Nikainamia kanga yangu, nikawa nahesabu maua yake. Kija na Kabula wakapewa wiki mbili wahame.

Zilipobaki siku tatu, Kabula akanifuata shambani. Nilikuwa napanda maharage juu ya ntumba.

"Nimekuja kukuaga, Mama Loth. Tunashuka bonde la Rukwa."

Kisha akatazama nyuma yangu. Nikafuata macho yake. Mama yangu! Ntumba zangu zilikuwa zimechipua mabingobingo, moja baada ya nyingine, mpaka kwenye njia. Majani mengine ukiyafukia yanaoza. Mabingobingo ukiyafukia umeyapanda. Na nilijua! Tulipanda kwa vipande vya mashina, mimi mwenyewe nilivibeba kichwani. Lakini mikono ilikuwa imeshashika kazi iliyoizoea, na akili ikaifuata nyuma.

Nilingoja anitukane. Laiti angenitukana, ningejua pa kuanzia, matusi nayajua. Badala yake akainama, akang'oa chipukizi moja na mizizi yake, akaniwekea kiganjani.

"Bado yako hai," akasema. "Yarudishe kijitoni kabla mvua hazijakatika."

Akaenda zake. Siku tatu zilikuwepo. Kwa Mzee Kasimiri ni mwendo wa kupika ugali tu. Sikwenda kuusema ukweli. Siku ya nne nikasikia kengele za ng'ombe wao zikiteremka, nikajifungia jikoni nikalia kwa uoga wangu mwenyewe.

Machipukizi niliyarudisha, yote, na ya kipande cha Kabula nikayapanda kwanza. Miaka mitatu baadaye ukingo ulikuwa umeziba na maji yameanza kung'aa. Wageni wakaja kutoka Sumbawanga kutazama kazi ya kamati. Wakauliza sehemu ile nzuri kuliko zote ni ya nani. Wakanipa jembe jipya mbele ya watu, wakanipigia makofi.

Jembe lile sikuweza hata kulitia mpini. Kikao kilichofuata nikasimama nalo mkononi.

"Ng'ombe wa Kija hawakula kitu," nikasema. "Ni mimi. Niliyakata siku ya kipaimara nikayafukia kwenye ntumba."

Nikangoja wanizomee. Dominika alikuwa pale mbele, wala hakuinua uso.

"Kaa chini, Mama Loth," akasema Mzee Kasimiri, taratibu. "Hilo tulilijua. Ntumba zako ziko njiani. Nani hapiti pale?"

"Mlijua lini?"

"Kabla hawajafunga mizigo."

"Na mkanyamaza? Mbona hamkusema?"

Akanitazama.

"Wewe je?"

Nikakaa chini, mimi mwenye mdomo. Mzee Kasimiri akafungua daftari lake, akauliza kama kuna mengineyo. Hapakuwa na mengineyo.