Kadi Arobaini Tupu

Walimwita Bi Polepole, na mwenyewe hakulichukia jina hilo. Ungemjia pale kwenye ukumbi wa mazoezi na kifua cha kupasua fulana, ukamwambia jana tu umebeba magunia mawili ya saruji, bado angekuvutia kiti cha mbao. Kaa. Simama bila kushika popote. Rudia mara kumi. Anatazama magoti yako yanaelekea wapi na pumzi inakatika lini, ndipo anakuandikia kadi. Aliyeshindwa na kiti alianza kwa kusukuma ukuta. Aliyekimudu alipewa kuchuchumaa na mipira ya kuvuta. Chuma hukigusi mpaka wiki nane zipite, na kila zoezi jipya kwenye kadi lazima liwe na saini yake pembeni. Bila saini ile, hunyanyui hata kopo la maji.

Vijana walimcheka. Wacheke, meno ni yao. Kwa miaka sita hakuna mtu aliyetoka mle ndani akiwa amebebwa.

Msaidizi wake alikuwa mdogo wake wa kike, wa baba mmoja mama mmoja, kitinda-mimba. Bi Polepole ndiye aliyembeba mgongoni, akamsomesha, akamfundisha kazi hadi kumtambua mtu anayeumia huku anacheka. Kwa hiyo mumewe alipopasuliwa na yeye ikambidi akae wiki tatu kumuuguza, alifanya jambo ambalo asingemfanyia mtu mwingine chini ya jua. Aliketi mezani akasaini kadi arobaini tupu. Watu wasikwame, alisema. Mtu akimaliza wiki zake, mdogo wake amjazie zoezi linalofuata. Alimwonya tu asimrukishe mtu hatua.

Mdogo wake alicheka. "Dada, kwani mimi mtoto?"

Haya. Huku nyuma mwenye ukumbi akataka video ya kuvutia wateja, na nani atavutiwa na wazee wanaosukuma ukuta? Alimwambia yule binti msaidizi kwamba video ikitoka vizuri, darasa litakuwa lake. Binti akachukua kalamu. Ndani ya siku nne kila mtu alikuwa kwenye vyuma: walioanza jana, wenye shinikizo la damu, hata mama aliyejifungua miezi mitatu nyuma.

Na fundi cherehani. Huyu alikuwa amekaa kwenye mashine miaka arobaini, mgongo umejikunja, na alikuja kwa Bi Polepole kwa sababu alishindwa kuinua jora la kitambaa. Alikuwa bado kwenye ukuta, wiki ya tano. Kadi yake mpya ilisema ainue chuma cha kilo arobaini kutoka chini. Mara ya nne, kiuno kililia, watu wote wakasikia.

Bi Polepole aliporudi aliitwa ofisini. Mwenye ukumbi aliiweka kadi mezani akauliza saini hii ya nani. Mdogo wake alikuwa amesimama pale pale kando ya kabati. Bi Polepole alimgeukia, hana hata wasiwasi, akingoja aseme ukweli.

"Saini ni ya dada," alisema yule binti. "Mimi nilifuata kadi."

Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, na yeye alikuwa akiwaambia wengine maneno hayo maisha yake yote kama mtu asiyehusika. Siku hiyo yalimwingia. Alieleza, lakini maelezo yake yalikuwa ya mtu aliyesaini kadi tupu, na kila alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kuzama. Alitoka ofisini hana darasa. Alilia siku mbili. Simu za mdogo wake hakupokea.

Siku ya tatu aliona heri aende kwa fundi, walau mtu mmoja ajue ukweli. Mke wa fundi alimfungulia, akampitisha hadi kwenye godoro lililotandikwa chini, karibu na cherehani iliyofunikwa shuka. Daktari alikuwa amemkataza kuketi kwenye mashine kwa miezi sita. Bi Polepole alimsimulia yote: mume, video, kalamu, kabati, ndugu wa kufa na kuzikana aliyemgeuka mchana kweupe.

Fundi alimsikiliza bila kumkatiza.

"Pole, Mwalimu," alisema. "Mimi kile chuma nilikiogopa. Nikamwambia binti, hiki si changu. Akanionyesha kadi. Nikaona saini yako, nikainama."

"Kwa saini tu?" aliuliza Bi Polepole.

"Nilidhani umenifikiria," fundi akaendelea taratibu. "Nikasema, kama Mwalimu ameona naweza, basi naweza, ila woga wangu tu."

Bi Polepole aliapa atamwanzisha upya, hapo hapo kwenye godoro, kwa kuvuta pumzi na kukunja goti moja moja, kila asubuhi, bure. Fundi alimshukuru. Akasema watoto wake watatafuta mtu mwingine. Hakulisema kwa hasira, na heri angekasirika, kwa maana Bi Polepole alikuja na majibu ya kumpa mtu mwenye hasira. Alikuwa amejililia siku mbili kwamba amesalitiwa, na kumbe aliyesalitiwa alikuwa amelala hapa, na mtu ambaye fundi alimwamini ni yeye mwenyewe.

Mke wa fundi alimsindikiza hadi mlangoni. Alikuwa mwanamke asiye na maneno mengi.

"Hizo kadi tupu," aliuliza, "ulisaini ngapi?"

"Arobaini."

"Na hao wengine umeshawaambia?"

Hakuwa amemwambia hata mmoja. Ilikuwa saa kumi, na darasa la jioni lingeanza saa kumi na moja, kwa kadi zile zile.