Dikteta na Sheria ya Mlangoni

Ukitaka kumjua Profesa, anza na waliomtangulia. Babu yake alikuwa mfugaji wa kuheshimika. Ng'ombe wakali walitulia pindi aliposimama kati yao, mikono nyuma, kimya. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu, na kengele ya shule iligongwa kwa kuifuata saa yake ya mfukoni. Katika ukoo ule hakuna aliyepata kuchekwa hadharani. Profesa alirithi yote, isipokuwa utulivu.

Aliongoza programu ya tabia za wanyama chuoni, na kiti cha ofisini mwake kilibaki kipya kwa kukosa mkaaji. Asubuhi ile ndiyo hakutulia kabisa. Mbwa aliyeitwa Dikteta, aliyeokotwa na kufungiwa miaka katika kituo cha mbwa waliotelekezwa, alikuwa akipimwa tabia. Akifaulu, familia moja ingemchukua. Akishindwa, daktari wa mifugo angemdunga sindano ya mwisho.

"Mama, kaa nje tu, utaona kupitia kioo," Profesa aliambiwa na mwanafunzi aliyemfunza mbwa huyo, ambaye wenzake walimwita Konokono kwa mwendo wake wa taratibu.

"Konokono, leo unanipangia?"

"Si mimi, Mama. Ni mlango."

Mlangoni palibandikwa sheria aliyoiandika Profesa mwenyewe: asiyehusika na zoezi asiingie.

Akaingia.

Daktari, ambaye ndiye aliyekuwa akipima, alifungua mwavuli ghafla ili kumshtua mbwa. Dikteta akaunusa, akageuka zake. Daktari akagusa bakuli la chakula, mbwa akamwachia. Profesa, roho juu, akaanza kwenda na kurudi kando ya ukuta, funguo zikilia mfukoni. Masikio ya Dikteta yakalala. Mwili ukakakamaa. Akanguruma.

"Basi," daktari akasema, akiinua kalamu kuandika kuwa ameshindwa.

Profesa akaganda. Funguo! Kule kituoni, mlio ule ulikuwa wa mtu anayekuja kumfungia Dikteta. Na yeye ndiye aliyewafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza: kabla hujamlaumu mnyama, tazama ulichomletea chumbani.

"Daktari, kosa ni langu, si lake. Nimevunja sheria yangu mwenyewe. Naomba arudie."

"Na hayo niyaandike?"

"Yaandike, pamoja na cheo changu."

Daktari akayaandika. "Mara moja tu."

Profesa akatoka. Korido ilikuwa ndefu, nayo miguu ilimwasha aitembee yote. Hakukitazama kioo. Alizibana funguo ngumini, akaweka mikono nyuma, akasimama kama babu yake kati ya ng'ombe, jasho likimtiririka mgongoni.

Mlango ukafunguka. Kamba ilining'inia, imelegea, mkononi mwa Konokono, na Dikteta akapita mbele ya Profesa bila hata kumtupia jicho, kama bosi aliyechoshwa na wageni.

"Mama, amefaulu," Konokono akasema, "sasa unaweza kutembea."

Nanyi vijana mnaotamani kuongoza, watu au wanyama, sikilizeni: sheria uliyoibandika mlangoni inakuhusu wewe kwanza. Isome kila uingiapo. Na ukiambiwa kaa nje, kaa nje.