Siku Ngendo Alipohesabu Watoto

Mwaka wa hamsini na nne watu walilazimishwa kubomoa nyumba zao kwa mikono yao wenyewe. Walibeba mbao na mabati mgongoni hadi kilima kimoja karibu na Ruiru, wakajenga upya kwa safu kama mabanda ya kuku. Kisha wakachimba handaki kuzunguka safu hizo na kuchomeka vijiti vilivyochongwa humo. Wakaambiwa hayo yote ni kwa usalama wao. Siku hizi nasikia wazee wenye matumbo wakisema enzi hizo kulikuwa na nidhamu. Nidhamu! Kulikuwa na lango moja, daraja la magogo, na kopo.

Hilo kopo lilitawala kuliko mzungu. Askari wengi wa langoni hawakujua kuandika, kwa hiyo kila aliyetoka na ruhusa alitiliwa punje ya mahindi ndani yake, na jioni akirudi punje yake ilitolewa. Punje ikibaki, maana yake mtu ametorokea msituni kwa wapiganaji. Watu wakizidi punje, maana yake mtu ametoka msituni. Kwa vyovyote vile kuna mgongo utakaochapwa.

Ngendo aliomba ruhusa ya siku moja awapeleke watoto Kiganjo, ng'ambo ya Thika, wakamwone shangazi yao. Shangazi alikuwepo kweli. Lakini si yeye aliyekuwa akiendewa. Boaz, Mluhya aliyeendesha lori la shamba la kahawa, alikuwa amemnong'oneza: "Mama Kang'ethe, nimemwona bwana yako. Wanavunja mawe karibu na daraja la Chania. Amekonda, lakini ni yeye. Na nasikia juma lijalo wanahamishwa, wanapelekwa mbali, huko kwa joto."

Mumewe, Waweru, alichukuliwa na askari Ngendo akiwa mjamzito. Mtoto sasa alikuwa ameota meno, na baba yake hajamwona.

Asubuhi hiyo ya Julai baridi ilikuwa inauma. Ngendo alimfunga Mumbi mgongoni, akamfunika blanketi hadi utosini. Akawashika mikono Kang'ethe na dada yake Idah, wakaenda langoni. Zamu ilikuwa ya Dalmas, askari mgeni kutoka upande wa ziwa.

"Mama, watoto wangapi?"

"Ni hawa."

"Hawa wangapi?"

"Si unawaona, baba?"

"Wewe mama, mimi nakuuliza hesabu, wewe unaniambia mambo ya macho!"

Hakuwa akimchezea. Mama wa Kikuyu hahesabu watoto wake. Muulize, atakutajia majina, au atakwambia wapo. Idadi ikitamkwa kwa mdomo ni kama umekionyesha kifo pa kuchagua. Ngendo alikuwa ameitamka mara moja tu, siku ya kuhamia kijijini, kiboko kikiwa juu ya kichwa chake. Kabla mvua haijaisha, surua ilimchukua mtoto wake wa kati. Niambie wewe uliyesoma kwamba ilikuwa surua tu. Yeye aliyemzika alijua alichojua.

Kwa hiyo Dalmas alipoanza kudondosha punje, Ngendo aliwaziba watoto macho, naye akageuza uso akatazama kilima. Alisikia mlio wa mahindi ndani ya bati. Hakutaka kusikia ilikuwa milio mingapi. Dalmas aliona mwanamke, mvulana, msichana, na mzigo wa blanketi mgongoni. Akafunika kopo.

Boaz aliwapakia juu ya magunia. Njia nzima Kang'ethe aliuliza maswali. Yale makonge ni ya nani? Ya mzungu. Na yale? Ya mzungu. Na ule mlima? Boaz akacheka mpaka lori likayumba. "Huo bado, kijana. Bado wanatafuta lori la kuubeba."

Walifika mto Chania jua likiwa limeanza kupasha. Juu ya maporomoko palikuwa na hoteli, na wazungu chini ya miavuli, na vikombe vya chai. Mhudumu mmoja aliyevaa kanzu nyeupe alikuja mbio.

"Nyinyi! Hapa si pa kupumzikia. Teremkeni huko chini."

"Tunatazama maji tu," alisema Ngendo.

"Maji hayo yanatazamwa na wageni."

Wakateremka. Mto uleule, ambao babu ya Waweru alinyweshea mbuzi kabla ya miavuli hiyo kushonwa, ukageuka wa kuibiwa kwa macho. Walikaa nyuma ya kichaka, wakala viazi vitamu baridi. Idah aliyatazama yale maji yakianguka, akasahau kutafuna, kisha akamgeukia mama yake.

"Maitu, nani anayamwaga yote hayo?"

"Hakuna anayeyamwaga."

"Na yakiisha?"

"Hayaishi."

"Basi kwa nini sisi tunachota kwa foleni?"

Kutoka upande wa daraja nyundo zilikuwa zimeanza kulia.

Wafungwa walikuwa kwenye safu kando ya barabara, askari wawili wakiwalinda. Kuongea nao ilikuwa jela. Ngendo alimfungua Mumbi, akamwinua juu kama anayemwonyesha mto, akamkaripia kwa sauti: "Mumbi! Mumbi wa Waweru! Nyamaza, utazame maji!" Mtoto hakuwa amelia hata kidogo.

Nyundo moja ilinyamaza.

Waweru alikuwa mifupa na macho. Alimtazama mtoto. Huyo Mumbi amepewa jina la mama yake Ngendo, na kwa hesabu za nyumbani yeye ni mama mkwe wa Waweru. Sasa mtu aliyevunjwa mbavu kule kambini alikofungwa alifanya nini? Alivuta kofia yake ya mfungwa mpaka kwenye nyusi, akainamisha kichwa, akasogea kando ya njia kama mkwe mwenye adabu aliyekutana na mkwewe ghafla. Wafungwa wenzake wakacheka. Mmoja akasema, "Mkwe, mwombe mama akupunguzie mahari!" Kicheko kikapita safu nzima, na askari hawakujua kinatoka wapi, wakampiga aliyekuwa karibu.

Kang'ethe alifungua mdomo aite. Ngendo akamminya vidole.

"Si ni baba?"

"Ni yeye. Mwite moyoni."

Wakaondoka. Idah alilia njia nzima hadi kwa lori. Boaz akampandisha juu ya magunia.

Waliporudi kijijini kivuli cha mnara wa walinzi kilikuwa kimelala juu ya handaki, na zamu ilikuwa imebadilika. Langoni alisimama Wainaina. Huyu hakuwa mgeni. Alichunga mbuzi pamoja na Waweru, walitahiriwa mwaka mmoja. Hali ya Hatari ilipotangazwa akapewa bunduki na koti, akawa homgadi, mlinzi wa serikali dhidi ya watu waliomlisha. Mkewe Magdalene na watoto wake hawakulala kwenye safu zetu. Walikuwa na chumba chao cha bati pale pale langoni. Jioni hiyo wawili kati ya watoto hao walikuwa wakisukuma ringi ya baiskeli mbele ya mlango, na Magdalene alikuwa akikoka moto, kitinda mimba akiwa mgongoni.

Wainaina alimwaga kopo kwenye kiganja. Akatazama punje. Akawatazama.

"Mama Kang'ethe, kuna kichwa kimezidi."

"Kimezidi vipi?"

"Wewe, na huyu, na huyu. Punje zimekwisha. Huyo wa mgongoni ametoka wapi?"

"Wainaina. Huyu ni Mumbi. Mkeo ndiye aliyemkata kitovu."

Pale kwenye moto Magdalene aliinamisha uso.

"Najua ni Mumbi," alisema Wainaina, taratibu kabisa. "Kopo halijui. Juzi mwanamke aliingiza mtoto wa watu wa msituni, Bwana Shauri, yule mzungu wa wilaya, akatukata posho sote. Dalmas! Asubuhi ulihesabu wewe?"

Dalmas alikuwa ameketi kwenye jiwe akisafisha bunduki. Alilitazama lile blanketi. Nadhani alilikumbuka. Kukiri kungemgharimu mshahara na pengine viboko.

"Nilihesabu sawa," alisema, akarudi kwenye bunduki yake.

Na wengi kama yeye walizeeka wakipokea pensheni.

"Umesikia," alisema Wainaina. "Huyo atabaki darajani. Gari la Bwana Shauri likija litampeleka kwa watoto wasio na wenyewe."

Kang'ethe alikamata gauni la mama yake. Mumbi aliamka, akaanza kutafuta titi.

"Wainaina, nakuomba. Mwite mtu yeyote kijijini."

"Sina haja ya mashahidi." Alisogea karibu, akatabasamu, na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo Dalmas au mzungu hangelifanya, kwa sababu wao hawangejua la kutaka. "Nitakusaidia. Simama hapa, onyesha watoto wako kwa kidole, uwahesabu kwa sauti. Mmoja, wawili, mpaka mwisho. Ukihesabu mwenyewe, naongeza punje, tunalala kwa amani."

Alimjua. Alijua kuhusu yule wa kati. Alikuwa kwenye maziko.

Kwenye safu za kwanza wanawake walikuwa wametoka nje, sufuria mikononi.

"Unataka nihesabu?"

"Hesabu."

"Kwa kidole?"

"Kwa kidole, mama. Una masikio?"

Ngendo aliinua mkono wa kulia. Ukapita juu ya kichwa cha Kang'ethe, ukapita juu ya Idah, ukaenda mpaka kwenye ringi ya baiskeli.

"Mmoja," alisema. "Njoki wa Wainaina."

Ringi ilianguka.

"Wawili. Gacheru wa Wainaina."

"Wee!" Magdalene aliruka kutoka kwenye moto. "Wee Ngendo! Ondoa kidole kwa watoto wangu!"

"Nimeambiwa nihesabu." Sauti yake haikupanda. Kidole kilimfuata Magdalene, kikatafuta mgongo wake, na Magdalene akawa anazunguka ili mgongo usionekane, akizunguka na kulia kama aliyevamiwa na nyuki. "Na wa—"

"Fungua!" Magdalene alimpigia mume wake kelele. "Fungua lango, mpumbavu wewe! Mwache apite kabla hajamfikia huyu!"

Wainaina alikuwa na bunduki. Aliiachia ining'inie begani, akavuta komeo kwa mikono miwili. Dalmas alisimama, haelewi lolote, akiuliza, "Nini? Amesema nini?" Lango lilifunguka, na Ngendo akapita na watoto wake wote, bila kukimbia.

Bwana Shauri alipokuja, Wainaina alimwambia kila kitu ni sawa. Angesema nini? Kwamba mwanamke asiye na silaha alimnyooshea kidole?

Ungefikiri kijiji kilimpongeza Ngendo. Kisimani wanawake walimwachia nafasi pana kuliko alivyohitaji. Akina mama waliwaita watoto wao ndani alipopita. Naye mwenyewe hakupumzika. Alikuwa amefanya lile alilofanyiwa, na alilifanya kwa watoto, na hao hawakuwa wameshika bunduki. Tena alijua vizuri baridi ya Julai kijijini humo, moshi, maji machafu, na jinsi surua inavyoruka kutoka safu hadi safu bila kuuliza baba ni homgadi au mfungwa. Siku mtoto wa Wainaina atakapougua, hakuna atakayeilaumu surua. Watakuja kwake.

Basi mwanamke ambaye mumewe alikuwa akivunja mawe kwa sababu ya watu kama Wainaina akaanza kuwaombea watoto wa Wainaina kabla ya wanawe mwenyewe. Kila asubuhi aliuliza, kana kwamba hajali, "Wa kwa Magdalene wameamkaje?" Waliamka vizuri, akaambiwa. Wanacheza.

Asubuhi moja ukungu ukiwa bado umekaa juu ya handaki, wanawake walikuwa wakipelekwa kwa kazi ya lazima, majembe begani, Ngendo katikati yao. Walipofika langoni walisikia mtoto akikohoa ndani ya kile chumba cha bati. Kikohozi kikavu, kisha kimya, kisha tena.

Wote walisikia. Hakuna aliyegeuka kumtazama Ngendo. Walitembea macho yakiwa chini, na aliyekuwa akitembea bega kwa bega naye akapunguza mwendo, kidogo kidogo, mpaka akabaki nyuma.