Wosia Usio na Sahihi

Mwalimu Eveline alikuwa amefundisha Kiingereza Makambako miaka ishirini na sita, na bado neno moja lilimtoa jasho katika baridi ya Juni: *nuncupative*. Lilipigwa taipu kwenye karatasi ya jeshi ya mwaka 1944, kuelezea wosia wa namna gani sijui. Kamusi yake ya shule haikuwa nalo. Eti mwalimu!

Karatasi ilikuwa ya baba yake, mzee Danieli. Ilisema kwamba askari Elius, aliyefia vitani Burma, anamwachia kila kitu mtoto aliye tumboni mwa mkewe, Dafroza. Mtoto huyo ndiye Danieli. Ukoo ukaikataa zamani: Elius alisoma misheni, jina lake alijua kuliandika, mbona hakutia sahihi? Basi Danieli akakua akiitwa mtoto wa Dafroza, kama vile hana baba, watu wakinong'ona kwamba mimba haikuwa ya Elius. Jumamosi ukoo ungesimika jiwe la majina ya wanaukoo kule Mdandu, na la Danieli halimo. Joackim, mwenyekiti wa ukoo, alishasema: lete ushahidi, si karatasi ya Mzungu.

"Mwanangu, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa," mzee alimwambia. "Kama neno hilo maana yake ni batili, niambie. Nife nikijua."

Simu ilimjibu Eveline upesi: wosia wa kusemwa kwa mdomo. Hakutosheka. Nani aliruhusiwa, na kwa nini? Akaenda Njombe kwa mzee Edward, hakimu mstaafu mwenye vitabu vya sheria vinavyonuka moshi.

"Loo! Neno hili nililisoma chuoni, sijawahi kulitumia!" Edward alichangamka, akapekua kurasa. Asili yake Kilatini, alisema, kutaja kwa sauti. Hapo kale Waingereza wengi waliusia kwa mdomo wakiwa kitandani mahututi. Uongo ukazidi, sheria ikabana, mwishowe ruhusa hiyo ikabaki kwa askari walio vitani na mabaharia tu.

"Kwa nini hao?"

"Mwalimu nawe! Mtu kapigwa risasi, kalamu ataishika na nini? Anasema, mwenzake anasikia, afisa anaandika. Sahihi haidaiwi. Anayetafutwa ni aliyesikia."

"Na hapa aliyesikia ni nani?"

Edward akashusha kidole hadi chini ya karatasi. Jina lilikuwa moja: Linus. Eveline akalisoma tena. Nyumbani walidhani aliandikwa kwa sababu ndiye aliyeibeba karatasi kuileta, basi. Linus alikuwa mdogo wake Elius, wakaenda vitani pamoja, na ndiye baba mzazi wa Joackim. Ndiye aliyerithi mashamba ya kaka yake. Na yale maneno kwamba mimba si ya Elius, yeye ndiye aliyeyaanzisha.

Alirudi Makambako hasira zimemjaa, akamweleza baba yake yote, neno kwa neno. "Jumamosi nitaisoma mbele ya ukoo mzima, Joackim asikie!"

Machozi yalimtiririka mzee Danieli, wala hakuyafuta. "Kumbe baba alinitaja," alisema.

"Alikutaja, baba."

"Na baba mdogo alisikia." Akatikisa kichwa. "Eveline, mimi ndiye niliyemuuguza hadi akafa. Miezi minane. Kila nikimlisha uji alikuwa ananishika mkono, anafungua mdomo, halafu anaufumba. Mimi nikidhani ana kiu. Nikawa nampa maji."